Nywila za ofisi zikiwa kichwani mwa mtu mmoja: jibu kwa msimamizi wa kompyuta wa Amu

Swali: Assalamu alaikum, Mwalimu. Mimi ni msimamizi wa kompyuta, na ni wa pekee, katika kampuni inayoendesha nyumba za wageni hapa Amu, yaani mji wa Lamu, na Shela, na yenye ghala Mokowe, ng'ambo upande wa bara. Tangu niajiriwe mitambo yote nimeifunga mwenyewe: intaneti, kamera, barua pepe za wafanyakazi na programu ya kuwekea wageni nafasi. Nywila zote ninazijua mimi tu. Sasa meneja mpya ameniagiza niandike kila kitu na kumkabidhi. Mfanyakazi mmoja mkongwe ananiambia kwamba nikifanya hivyo nitakuwa nimejiandikia barua ya kuachishwa kazi, kwani siri ya mtungi aijuaye kata. Kwa upande mwingine nimechoka. Juzi nilikwenda Malindi kumzika shangazi yangu, na simu za ofisi hazikukoma hata makaburini. Niandike au nisiandike?

Jibu: Wa alaikum salaam, ndugu yangu, na Mwenyezi Mungu amrehemu shangazi yako. Umeuliza mambo mawili, la kuandika na la kuchoka, nami naona ni jambo moja, kwa sababu simu zilikufuata makaburini kwa sababu ileile ambayo mwenzako anaiona kuwa ngao yako. Kwa hiyo nakujibu bila kuzunguka: andika, andika yote, na anza kabla meneja hajakukumbusha mara ya pili. Namna ya kuandika na namna ya kukabidhi ndizo zenye maneno mengi, na hapo ndipo nitakapokawia.

Tuanze na haki ya mwenye mali. Nywila za rauta (kifaa kinachogawa intaneti), za kamera na za akaunti za kampuni ni amana uliyokabidhiwa, na mwenye amana akiitaka hurudishiwa. Kata huijua siri ya mtungi kwa kuwa huingia humo kila siku, lakini mwenye nyumba akitaka kujua maji yaliyobaki ni kiasi gani, kata haina la kumzuia. Sheria nayo imelisema jambo hili. Sheria ya Kenya ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya mwaka 2018 inamtaka mwajiriwa, kwa kutegemea makubaliano ya mkataba wake, aachilie nambari zote za siri na haki zote za kuingia katika mitambo ya mwajiri mara tu ajira yake inapokoma, na anayekaidi anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 200,000, au kufungwa kwa muda usiozidi miaka 2, au kupewa adhabu zote mbili. Wewe bado uko kazini, lakini sheria hiyo inakuonyesha mali ni ya nani.

Iko kesi moja ambayo ningependa kila mtu wa kazi yetu aijue. Mwaka 2008, katika jiji la San Francisco nchini Marekani, mhandisi aitwaye Terry Childs, ambaye alikuwa ameujenga na kuusimamia mtandao wa serikali ya jiji hilo kwa miaka kadhaa, aliitwa na wakubwa wake akatakiwa atoe nywila za vifaa vya mtandao huo. Alikataa, akiamini kwamba waliomwuliza hawakustahili kuzijua na kwamba wangeuharibu mtandao alioupenda. Alikamatwa mwezi Julai mwaka huo, dhamana yake ikawekwa kuwa dola milioni 5, na hakuzitoa nywila hizo mpaka meya mwenyewe, Gavin Newsom, alipomwendea mahabusu. Muda wote huo mtandao uliendelea kufanya kazi. Hakuna barua pepe iliyopotea wala ofisi iliyozimika. Hata hivyo, Aprili 2010 alitiwa hatiani kwa kuwanyima wenye mtandao uwezo wa kuutawala, na Agosti mwaka huo akahukumiwa kifungo cha miaka 4. Katika jopo la wananchi walioisikiliza kesi hiyo alikuwamo mhandisi wa mitandao, mtu aliyeielewa kazi ya mshtakiwa kwa undani, na naye alikubali kumtia hatiani.

Nimeirefusha kesi hii kwa sababu Childs hakuwa mwizi. Alikuwa hodari, aliijali kazi yake, na ninaamini alianza na nia njema. Kosa lilikuwa limepandwa zamani, pale jiji zima liliporidhika kwamba mtu mmoja ajue yeye peke yake, bila karatasi inayosema ni nani wa kupokea nywila akizihitaji na kwa utaratibu gani. Kampuni yako imefika mahali hapohapo, na tofauti ni kwamba wewe umeulizwa mapema, kwa heshima, na meneja ambaye kwa maoni yangu ametimiza wajibu wake.

Sasa hofu yako. Siidharau, kwa maana wapo waajiri wanaomkamua mtu maarifa kisha wakamwonyesha mlango, na katika mji mdogo kama Amu kazi ya namna yako haipatikani kila mtaa. Lakini ipime kinga unayodhani unayo. Mwajiri aliyekwisha kuazimia kukuondoa atamleta fundi kutoka Mombasa, ambaye atazirudisha rauta na swichi za mtandao katika hali zilizotoka nayo kiwandani, atazifunga upya, na baada ya siku kadhaa za usumbufu kazi itaendelea bila wewe. Usiri wako utakuwa umemchelewesha kidogo na kumpa sababu nzuri ya kukusema vibaya kwa kila atakayemwuliza habari zako. Kinachokulinda hasa ni mkataba wako na Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, inayomlazimu mwajiri kukusikiliza kabla ya kukuachisha kwa kosa au kwa utendaji duni, na kama nafasi yako inafutwa, kukupa notisi isiyopungua mwezi mmoja pamoja na malipo yasiyopungua ujira wa siku 15 kwa kila mwaka uliotimiza. Ukiwa na shaka juu ya nia ya meneja, soma mkataba wako kwa makini na umwendee mtu wa sheria. Hapo utapata nguvu kuliko katika kuficha nywila.

Kuna faida nyingine ambayo mwenzako hakuiona. Kazi ya msimamizi wa kompyuta ikienda vizuri haionekani. Mhasibu huiona siku printa ilipogoma, mapokezi huiona siku intaneti ilipokatika, na meneja huona mtu aliyeketi mbele ya kioo cha kompyuta bila shughuli ya kushikika. Katika ofisi nilizozihudumia kati ya Malindi na Amu, nimeona mara kwa mara kwamba siku mkubwa alipowekewa mezani maandishi kamili ya mitambo yake ndiyo siku alipofahamu kwa mara ya kwanza kazi ile ni kubwa kiasi gani, na maombi ya msaidizi, ya vifaa na ya nyongeza ya mshahara yalianza kusikilizwa kuanzia hapo. Mtu hawezi kuithamini kazi asiyojua kuwa ipo.

Tuje kwenye kuandika kwenyewe. Wengi wakiambiwa waandike huorodhesha nywila wakadhani wamemaliza, ilhali nywila ndiyo sehemu ndogo kabisa. Fundi mwerevu atakuta kila kifaa mahali pake na kukitambua. Asichoweza kukikuta popote ni sababu zako. Kwa nini waya wa ghorofa ya juu umezungushwa darini badala ya kupitishwa ukutani? Wewe unajua kwamba nyumba ni ya mawe ya matumbawe na chokaa, kwamba ukuta unakaribia nusu mita kwa unene, na kwamba katika mji ambao tangu mwaka 2001 umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO haifai kutoboa ukuta wa zamani kwa ajili ya waya wa intaneti. Atakayekuja baada yako ataona waya mrefu usio na maana, ataukata na kuja na tindo. Andika sababu, naye ataacha.

Andika vilevile kwa nini kila chumba cha pili kina kifaa chake cha waifai. Mgeni kutoka bara atadhani uliwapoteza fedha kwa kununua vifaa vingi, kwa sababu katika nyumba za matofali membamba kifaa kimoja hutosha ghorofa nzima. Kuta zetu hulimeza wimbi la redio, na wimbi la gigahezi 5, ambalo lina kasi zaidi, humezwa upesi kuliko lile la gigahezi 2.4. Kama uliamua vyumba vya ndani vitumie la 2.4 ijapokuwa ni la polepole, eleza kwamba uliamua hivyo kwa makusudi, na utaje vyumba vyenyewe.

Kiungo cha kwenda Mokowe kinastahili ukurasa wake peke yake. Nadhani unatumia antena mbili zinazotazamana juu ya maji, kama wafanyavyo wengi huko, na ikiwa ndivyo, wewe unazijua tabia za kiungo hicho kama nahodha anavyojua mkondo wake wa maji. Unajua kwamba bahari ikijaa na kupwa, mawimbi ya redio yanayoakisiwa juu ya maji hubadilika njia, hivyo kiungo kinaweza kudhoofika kwa saa fulani za siku na kurudi chenyewe bila mtu kukigusa. Unajua kwamba upepo wa kusi ukivuma kwa nguvu husukuma mlingoti na kuipotosha antena kidogo, na kidogo hicho kinatosha kukata mawasiliano ya ghala. Unajua pia ni boliti gani hulegea kwanza. Mtu asiyejua haya atabadilisha rauta mara mbili, ataagiza antena mpya iletwe kwa boti, na tatizo litabaki palepale. Weka katika ukurasa huo nguvu ya mawimbi katika siku ya kawaida, ili atakayefuata awe na kipimo cha kulinganisha.

Hewa ya chumvi nayo iandikiwe. Viunganishi vya shaba vilivyo nje huota kutu ya kijani, na vile vinavyopitisha umeme wa kuwasha kamera au antena huharibika upesi kuliko vingine kwa sababu mkondo huo unaiharakisha kutu. Taja ni viunganishi gani huvikagua, vipindi gani, vipuri viko sandukuni gani, na ni duka gani Mombasa linaloviuza. Kwa upande wa umeme, eleza ni vifaa gani viko chini ya UPS, yaani kifaa chenye betri za kushikilia umeme unapokatika, betri zake zilibadilishwa lini na hudumu dakika ngapi, kisha eleza utaratibu wa kuizima seva, ile kompyuta kuu ya ofisi, kwa hiari kabla betri hazijaisha. Tarehe 25 Agosti 2023 sehemu kubwa ya Kenya ilikosa umeme kwa saa nyingi, na siku kama ile aliye zamu hana muda wa kukutafuta.

Zipo sababu nyingine zisizohusu bahari wala ukuta. Pengine kompyuta ya mapokezi bado inatumia Windows 10 kwa sababu mashine yenyewe ni ya zamani mno kwa toleo jipya, ingawa Microsoft iliacha kuihudumia kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Kama umeiacha hivyo huku umeitenga na mtandao wa wageni, andika uamuzi huo na hatari yake kwa lugha ambayo meneja ataielewa, pamoja na bei ya kuibadilisha. Hapo utakuwa umeihamisha hatari kutoka moyoni mwako na kuiweka mbele ya mwenye uwezo wa kutoa fedha, na akiamua kungoja, uamuzi ni wake na umeandikwa.

Sasa niseme juu ya jambo ambalo katika ofisi ndogo za pwani hii hulikuta karibu kila niendako, nalo linanitia wasiwasi kuliko yote: akaunti za kampuni zilizosajiliwa kwa jina la fundi. Unapoanzisha mambo kwa haraka, jina la tovuti linasajiliwa kwa barua pepe yako binafsi, akaunti kuu ya barua pepe za wafanyakazi inaunganishwa na nambari yako ya simu, na ujumbe wa kuthibitisha kila mtu aingiapo unafika mfukoni mwako. Hukuwa na nia mbaya. Kampuni haikuwa na nambari yake. Lakini leo ukipoteza simu baharini katikati ya Amu na Manda, au laini yako ikahamishwa na tapeli kwenda kwenye kadi nyingine, kampuni nzima imefungiwa nje ya mali yake. Na ukifa, Mungu aepushe, warithi wako watakuwa wanasumbuliwa na watu wanaotafuta ujumbe wenye tarakimu sita.

Hili lishughulikie kabla ya kuandika ukurasa wowote. Iombe kampuni isajili laini ya simu kwa jina lake na ikae ofisini katika simu isiyotoka nje. Fungua anwani ya barua pepe ya cheo, isiyobeba jina la mtu, kisha uhamishie huko usajili wote. Kama jina la tovuti linaishia na .co.ke, rejista yake iko chini ya KeNIC, shirika linalosimamia majina ya tovuti yanayoishia na .ke, na msajili mliyemlipa ndiye atakayewaelekeza namna ya kubadilisha mwenye jina. Hakikisha kwamba mmiliki ni kampuni, na wewe ubaki kuwa mtu wa kuwasiliana naye kwa mambo ya kiufundi tu. Kwa akaunti kubwa, chapisha zile nambari za dharura zinazotolewa kwa ajili ya mtu aliyepoteza simu, uzihifadhi pamoja na karatasi nitakazozitaja. Kazi hii inachosha na inahitaji subira na vituo vya huduma kwa wateja, lakini hakuna sehemu nyingine ya makabidhiano yenye faida kubwa kama hii.

Nywila zenyewe usiziandike katika hati ya maelezo. Hati ya maelezo itasomwa na watu kadhaa, itachapishwa, itasahauliwa juu ya meza. Nywila zikae katika programu ya kuhifadhi nywila, ambayo huzificha zote nyuma ya nywila kuu moja, na hiyo kuu iwe ndefu: maneno kadhaa yasiyohusiana yanayokumbukika ni bora kuliko neno fupi lililojaa alama. Nywila kuu iandikwe kwa mkono, itiwe katika bahasha, bahasha ifungwe na kutiwa saini juu ya mfuniko wake na watu wawili, wewe na meneja, kisha iwekwe katika sefu ya kampuni. Atakayeifungua aandike tarehe, saa na sababu katika kitabu kinachokaa humohumo. Bahasha ikifunguliwa, nywila hubadilishwa na bahasha mpya hutengenezwa. Meneja anapata alichohitaji, yaani uhakika kwamba kampuni haitakwama, na wewe unabaki na uwezo wa kujua nani aliingia wapi.

Pengine ataagiza pia kwamba nywila za wafanyakazi wote zibadilishwe kila mwezi, kama ilivyokuwa desturi ya ofisi nyingi. Mweleze kwa upole kwamba taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, iliacha kupendekeza desturi hiyo katika mwongozo wake wa mwaka 2017, kwa sababu mtu anayelazimishwa kubadilisha kila mara huongeza tarakimu mwishoni au huandika kwenye karatasi na kuibandika kwenye kioo. Nywila ibadilishwe panapokuwa na dalili kwamba imevuja, na zile za pamoja zibadilishwe siku mtu aliyezijua anapoondoka.

Hapa lazima nitenganishe mambo mawili ambayo meneja mpya anaweza kuyachanganya, na ambayo ni juu yako kumtenganishia. Kampuni kumiliki funguo ni haki. Mtu mmoja, hata akiwa meneja, kuingia katika barua pepe za mhasibu usiku kwa kuwa anazo funguo, ni jambo jingine. Kampuni yenu ina nakala za pasipoti za wageni, picha za kamera za korido, namba za simu, na taarifa za mishahara. Hizo ni taarifa za watu, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inaitaka kampuni izikusanye kwa kusudi halali, izilinde, na kama zimefikiwa na mtu asiyeruhusiwa kwa namna inayoweza kuwadhuru wenyewe, imjulishe Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu ilipopata habari. Kwa hiyo mpendekezee kanuni fupi: anayetaka kuona barua pepe au picha za kamera za mtu mwingine aombe kwa maandishi, ataje sababu, na akubaliwe na mtu wa pili mwenye mamlaka. Usilete kanuni hii kwa sauti ya kumshuku. Mwambie inamlinda yeye mwenyewe siku mfanyakazi atakapolalamika kwamba barua zake zilisomwa. Na akikuagiza kwa mdomo umfungulie barua za mtu, mjibu kwa heshima kwamba uko tayari mara tu ombi litakapoandikwa. Nimeona maombi mengi ya namna hiyo yakiishia hapo.

Usimpe meneja akaunti yenye haki zote aitumie kwa kazi zake za kila siku, na wewe pia usiitumie hivyo. Kila mmoja awe na akaunti ya kawaida ya kusomea barua na kuandikia nyaraka, na ile yenye haki zote ifunguliwe kwa kazi maalumu tu. Mtu anayesoma barua pepe akiwa na haki zote, akibofya kiungo cha tapeli, humkaribisha tapeli katika mitambo yote kwa mara moja.

Simu za makaburini sasa. Jaribu kukumbuka zilihusu nini. Bila shaka nyingi zilikuwa intaneti imekatika, printa haichapishi, au mtu amesahau nywila. Haya hayahitaji wewe. Yanahitaji karatasi moja iliyobandikwa mapokezi, yenye hatua zilizoandikwa kwa mtu asiyejua chochote. Kwa intaneti, kwa mfano: tazama kama taa za rauta zinawaka, ikiwa haziwaki, tazama umeme, ikiwa zinawaka, jaribu simu yenye bando la mtandao mwingine, ikiwa na hiyo inasuasua, tatizo halimo nyumbani mwenu, mpigie mtoa huduma kwa nambari hii na mtajie nambari hii ya mteja. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika upande wa kusini mwa Afrika, intaneti ilizorota Kenya nzima, na hakuna msimamizi wa Amu, aliyekuwapo wala asiyekuwapo, ambaye angeirudisha kwa kuzima na kuwasha rauta. Mfanyakazi wa mapokezi akilijua hilo atawaeleza wageni ukweli, badala ya kukupigia simu.

Mchague pia mtu mmoja wa kukushikia. Asiwe lazima mtaalamu. Mhasibu makini anafaa zaidi ya kijana anayependa kubonyezabonyeza. Mfundishe kubadilisha nywila iliyosahauliwa, kuhamia laini ya intaneti ya akiba, na kurudisha faili kutoka katika nakala rudufu, yaani nakala ya akiba. Hili la mwisho mfanyie majaribio kweli. Nakala rudufu ambayo haijawahi kurudishwa ni matumaini tu. Mwambie afute faili la majaribio, kisha ashike maandishi yako na alirudishe huku wewe ukiwa umekaa mbali bila kusema neno. Utaona ni sentensi zipi ulizodhani zimeeleweka. Kumbuka kwamba nakala moja lazima ikae nje ya jengo. Ghala la Mokowe linafaa, kwa kuwa moto unaoipata nyumba ya Amu hauwezi kuvuka mkondo. Fanya majaribio hayo kabla ya Maulidi, wakati mji haujajaa na vyumba vyenu havijashikwa vyote, maana wiki ile si ya kujaribu kitu.

Kuhusu kukabidhi, usimpe meneja flashi mkononi koridoni. Andika hati ya makabidhiano ya ukurasa mmoja inayotaja vitu vilivyokabidhiwa: hati ya maelezo, bahasha, orodha ya akaunti zilizohamishiwa kwa kampuni, orodha ya vifaa na leseni zake. Taja tarehe, mtie saini nyote wawili mbele ya shahidi, na kila mmoja abaki na nakala. Kama siku moja litatokea la kutokea na mtu akasema hukukabidhi, karatasi hiyo itajibu. Ongeza mstari unaosema kwamba maelezo yatahuishwa kila robo mwaka na kwamba muda wa kuyahuisha umo ndani ya saa zako za kazi, kwa sababu maandishi ya kompyuta huchakaa upesi, na usipotengewa muda utajikuta unayafanya usiku nyumbani.

Katika hati hiyohiyo omba likizo. Sheria ya Ajira inakupa siku zisizopungua 21 za kazi, zenye malipo kamili, kwa kila miezi 12, nami nakisia kwamba hujawahi kuzichukua zote kwa mfululizo. Mweleze meneja kwamba hakuna njia bora ya kujua kama makabidhiano yamefaulu kuliko wewe kuondoka kwa wiki moja au mbili huku mhasibu akishika nafasi yako. Mpe mhasibu simu ya ofisi na nakala iliyochapishwa ya hati ya maelezo, na umwambie aandike pembezoni kwa kalamu kila mahali alipokwama. Mkubaliane mapema ni jambo gani linaloruhusu upigiwe simu, na liwe moja au mawili, kwa mfano taarifa za wageni kuvuja au mfumo wa nafasi kupotea kabisa. Ukirudi, anza na pembezoni mwa kurasa hizo, uandike upya kila sehemu yenye wino wake, kisha mfungue bahasha pamoja na meneja, mbadilishe nywila kuu, na kuifunga tena.